Wiki ya Mvua Kubwa: Mwongozo Kamili wa Kuusoma Utabiri na Kujipanga Kabla Maji Hayajafika Mlangoni

Jumapili moja jioni, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, hapa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, iliingia ramani ya Tanzania iliyopakwa njano kuanzia Tanga hadi Mtwara. Jirani yangu mmoja akaandika chini yake: "Sasa hii njano tuhame au tulale?" Watu wengi waliisoma, hakuna aliyejibu. Mmoja akaweka viganja vya kuomba dua, mwingine akauliza kama gari la taka litapita kesho.

Lile swali lilikuwa la maana kuliko yote yaliyoulizwa mwezi ule. Taarifa siku hizi haikosekani, tatizo ni kwamba mtabiri anakutajia mkoa, na kazi ya kuushusha mkoa mpaka kwenye kizingiti chako anakuachia wewe. Hivi ndivyo ninavyoifanya kazi hiyo kila wiki ya masika na vuli. Nimeongeza mambo ya watu wa milimani, wa ziwani na wa baharini, maana mvua ileile kwa kila mmoja ina sura yake.

Kwanza, ipate kwa mwenyewe

Kwa Tanzania mwenyewe ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ambayo hutoa kila siku utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano. Kenya ni Idara ya Hali ya Hewa, yenye utabiri wa siku saba na ofisi katika kaunti. Rwanda kuna Meteo Rwanda, Burundi IGEBU, Congo METTELSAT. Ukitaka kuona ukanda mzima kwa mara moja, kituo cha hali ya hewa cha ICPAC, kilicho chini ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, chenye makao yake Kenya, hutoa kila wiki ramani za nchi 11, kuanzia Sudan hadi Tanzania: wapi mvua itazidi kawaida, wapi joto litapanda, wapi ardhi imeshashiba maji. Hiyo ya ICPAC naipenda kwa sababu maji na upepo havina habari na mpaka wa Namanga.

Kabla ya kusambaza picha yoyote, tafuta tarehe ya kutolewa na mwaka wake. Kila masika huibuka ramani nyekundu ya miaka iliyopita ambayo mtu ameikata pale juu penye tarehe, na kundi zima linakesha. Ramani isiyo na tarehe mimi siisambazi, hata kama imeletwa na shehe au mchungaji.

Na zile programu za simu zinazoweka kiwingu na radi kila siku kuanzia Machi hadi Mei? Ziache. Kiwingu kile hakikuambii kama ni manyunyu ya kulowesha kanga au mvua ya kubeba friji. Programu kama Windy, inayokuonyesha ramani za upepo na kiasi cha mvua, ina faida kwa anayejua kuisoma, ila nayo inahesabu kwa miraba ya kilomita kadhaa. Haijui kama kuna Kigogo na kuna Mburahati.

Pili, soma rangi pamoja na maneno yaliyo chini yake

TMA hutumia njano kwa angalizo, rangi ya chungwa kwa tahadhari, na nyekundu kwa tahadhari kubwa. Wengi huishia hapo. Chini ya ramani, hata hivyo, huwa kuna mistari miwili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Rangi ni zao la hiyo miwili. Kwa hiyo njano inaweza kuwa jambo dogo ambalo karibu lazima litokee, na inaweza pia kuwa jambo kubwa ambalo pengine halitatokea. Zote mbili zinapakwa rangi moja, lakini maandalizi yake si mamoja. Binafsi njano hii ya pili ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu ndiyo watu wanayoizoea na kuipuuza.

Kisha soma mstari wa athari neno kwa neno. Ukikuta "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji" na wewe unakaa bondeni, hayo "baadhi ya makazi" ni ya kwako, wala usitafute mwingine.

Sasa namba. TMA ikisema mvua kubwa huwa inamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Tahadhari nyingi za Kenya huanza kuhesabu kwenye milimita 20, kwa hiyo mtu wa Holili, upande wa Tanzania, na wa Taveta, upande wa Kenya, wanaweza kusikia neno lilelile kwa vipimo viwili. Na milimita 50 ni kitu gani? Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye bati la mita 10 kwa 8 itamwaga lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20, kutoka paa moja tu. Ekari moja ya mtaa uliojengwa na kusakafiwa itapokea karibu lita 200,000, sawa na malori 20 ya maji ya lita elfu kumi kumi yakifungua koki kwa pamoja. Halafu uutazame ule mtaro wenu wenye upana wa beseni, uliojaa chupa za plastiki.

Upepo nao una namba zake. Angalizo la baharini kwa kawaida huzungumzia upepo wa kilomita 40 kwa saa na kuzidi, na mawimbi ya mita 2 na kuzidi. Mita mbili juu ya mtumbwi ni ukuta.

Tatu, jiulize mvua itaikuta ardhi ikoje

Hapa ndipo utabiri wenyewe hauwezi kukusaidia sana. Milimita 50 baada ya wiki mbili za jua, sehemu kubwa itanyweka. Milimita 30 tu baada ya siku nne za mvua mfululizo zinaweza kuangusha ukuta wa jirani.

Mimi natumia kopo. Tafuta kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, yaani chini na juu upana uleule. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti na upenu, ulizungushie mawe lisipeperuke. Saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa wanayosomea vipimo vituo vya hali ya hewa vya huku kwetu, zamisha rula ya mtoto wa shule na andika milimita kwenye daftari. Kumbuka kwamba rula nyingi hazianzi sifuri kwenye ncha, zina kisehemu kitupu cha milimita tatu nne hivi, kikate kabisa ili sifuri iwe nchani. Daftari langu lina misimu kadhaa sasa na limenifundisha jambo moja la hapa kwangu: jumla ya siku tatu ikivuka 80, mvua yoyote ya usiku inayofuata inaingia uani. Kwako namba itakuwa nyingine, na ni kopo lako litakaloijua.

Nne, yajue maji yako yanatoka wapi

Msimbazi haujazwi na mvua ya hapa Jangwani, chini bondeni. Unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea mito ya Sinza, Ubungo na Luhanga, ndipo unateremka kwetu. Nimeshaona jua la saa nane linawaka, watoto wanacheza mpira, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapanda kwenye kingo kwa sababu ilinyesha Pugu asubuhi. Ndiyo maana kundi letu lina watu wawili wa Gongo la Mboto na Kinyerezi. Hawakai nasi, kazi yao ni moja: kuandika "huku imefunga" au "huku imeachia". Ujumbe ule una thamani kuliko ramani tatu. Kama unakaa chini ya mto wowote, tafuta mtu wa juu, hata kwa kumtumia vocha ya kumshukuru.

Mito mikubwa ina mambo hayohayo kwa kipimo cha siku badala ya saa. Watu wa Garissa, Hola na Garsen hufurikiwa na Mto Tana huku kwao kukiwa kukavu, kwa sababu imenyesha mlima Kenya na Aberdare na bwawa la Masinga limefurika. Rufiji na Kibiti walifunikwa Aprili 2024 na maji yaliyokuja na mto kutoka bara. Ukikaa maeneo hayo, usiangalie tu utabiri wa wilaya yako. Soma wa nyanda za juu, na sikiliza matangazo ya wenye mabwawa.

Tazama pia kilichosimama kati yako na maji. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, Kenya, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli lenye kalavati lililoziba yalivunja njia na kushuka na mawe na magogo juu ya watu waliolala. Walikufa zaidi ya 40. Kalavati lililoziba juu yako ni bwawa lisilo na mlinzi. Lipande ukalione kabla ya wiki kuanza, na ukilikuta limejaa takataka mpigie mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, umtumie na picha.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la mwisho ambalo halimo kwenye ramani yoyote ya mvua: bamvua. Siku moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, bahari hujaa sana, tofauti ya maji kupwa na kujaa ikivuka mita 3 hapa Dar. Mvua kubwa ikigongana na maji kujaa ya bamvua, mto hauna pa kumwagia pale daraja la Salenda, unapoingia baharini. Unasimama, kisha unarudi nyuma. Mvua ileile ikija wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, inaweza kupita bila maneno. Huhitaji jedwali. Tazama mwezi, au muulize mvuvi yeyote wa Feri.

Tano, jua saa yake

Mvua za masika za pwani hupenda usiku wa manane na alfajiri. Ziwa Victoria halikadhalika: mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, pepo za pande zote zinakutana katikati ya maji na kuinua mawingu ya radi. Nyanda za juu, mara nyingi ni alasiri, na maji yake yanafika bondeni giza likishaingia.

Angalia na misiba mikubwa ya miaka hii. Tope la mlima Hanang lilishuka Katesh alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Mafuriko na maporomoko ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda, yaliyoua watu zaidi ya 130, yalikuwa usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023. Mai Mahiu nimeshaitaja. Uamuzi wowote wa kuondoka, basi, ufanye saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa wamekula na barabara inaonekana. Usiku wa manane huamui kitu, unakimbia tu.

Sita, panga wiki yenyewe

Siku mbili za mwanzo za utabiri zitegemee. Ya tatu bado ni nzuri. Ya nne na ya tano zichukue kama fununu ya mtu mwaminifu, na ya sita na ya saba ni za kukufanya uwe macho tu. Kwa hiyo usifanye kila kitu siku ya kwanza, wala usisubiri siku ya mwisho.

Zikibaki siku tano nne, fanya kazi zisizo na hasara hata mvua isipokuja: zibua mtaro wako na wa jirani wa chini (wa chini, ndiye anayekurudishia maji), pigilia bati linalocheza, kata tawi la mwembe lililoelekea waya. Nunua dawa za mwezi za mzee mwenye presha au kisukari sasa, maana duka la dawa nalo litakuwa upande wa pili wa maji.

Zikibaki siku mbili, weka nyaraka pamoja: vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, hati au mkataba wa nyumba, kadi ya kliniki, kadi ya bima, vyeti vya shule. Viingize kwenye nailoni mbili, kisha ndani ya ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Ndoo inaelea, begi linazama. Piga picha za kila karatasi na mtumie ndugu aliye mkoani. Jaza maji safi ya kunywa kwenye madumu, kwa sababu mafuriko yakifika vyoo vya shimo hufunguka na visima vyote vya karibu vinakuwa si vya kunywa. Kipindupindu hufuata nyuma ya maji kama mkia.

Siku yenyewe, mchana: chaji simu zote na tochi. Pandisha unga, mchele, godoro na friji juu ya matofali. Mkubaliane mahali pa kulala usiku huo, na kila mtoto alijue jina la nyumba ile. Mtoto wa miaka sita anaweza kukariri "kwa mama mdogo, Mabibo mwisho" kama anavyokariri wimbo. Mpe funguo na kazi ya kuzima umeme mtu mmoja anayejulikana. Meni swichi inazimwa kabla maji hayajaingia ndani. Ukishakuwa umesimama kwenye maji usiiguse.

Kuku na mbuzi wahamishwe mchana. Nimeona mtu akirudi ndani kwa ajili ya majogoo mawili, maji yakiwa kiunoni. Alitoka, lakini alitoka kwa bahati.

Maji yakishafika

Maji yanayokimbia ya kina cha sentimita 15, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huanza kuinua gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu ambayo wenye nayo hudhani ni meli. Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, kuna bodaboda wanaopitisha watu kwa malipo. Ukiwa juu ya pikipiki huoni kama lami bado ipo chini. Zunguka, au rudi ulikotoka ukalale kwa mtu.

Radi: ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde hadi mlio. Gawanya kwa tatu, ndiyo kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, toka uwanjani, toka majini, ondoka chini ya mti, ingia kwenye nyumba ya kuta au gari lenye bati. Kaa humo dakika 30 tangu mlio wa mwisho. Kibanda cha makuti hakikulindi, na kujikunyata kwenye shina la mwembe ni kujipeleka mwenyewe. Ndugu zetu wa Kivu, Congo, wayajue haya kuliko wote, maana eneo la Kabare ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi zaidi Afrika.

Kwa wa milimani

Kule hatari ni ardhi yenyewe. Mei 2023, huko Kalehe, Kivu Kusini, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilifagiliwa na mafuriko na tope, wakafa zaidi ya watu 400. Dalili za kutazama wakati mvua imekwisha kunyesha siku kadhaa: ufa mpya unaofuata mkunjo wa mlima, mlango uliokuwa ukifungika sasa unakwama, miti au nguzo zilizoinama, chemchemi inayotoka pasipokuwa na chemchemi. Baya kuliko yote ni kijito kinachopungua ghafla huku mvua inanyesha. Maana yake kimezibwa huko juu na kinajikusanya. Ukiona hilo usichukue hata ndala. Panda pembeni, kwenye mgongo wa kilima, usikimbie kufuata bonde kwenda chini.

Kwa wa baharini na ziwani

Pwani ya Tanzania haizoei vimbunga, na hapo ndipo penye kasoro. Lindi ilipigwa Aprili 1952, Zanzibar Aprili 1872, kisha vizazi vikapita. Kimbunga Hidaya kilipokuja mwanzoni mwa Mei 2024, TMA ilitoa taarifa siku kadhaa mapema, boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa, na kimbunga kikafika Mafia tarehe 4 kikiwa kimepungua nguvu. Watu wa Dar walicheka: "Hidaya yuko wapi?" Wenzao wa Kilwa hawakucheka, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga na mabasi yakalala njiani. Kwa hiyo taarifa ya kimbunga isomwe mara mbili, upepo peke yake na mvua peke yake. Upepo unaweza kufa baharini, mvua ikaendelea na safari.

Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ndiyo habari kuu. Angalizo la mita 2 likitoka, ngalawa na mitumbwi ibaki pwani, na abiria wa boti apige simu kabla ya kwenda bandarini. Wavuvi wa dagaa wa Victoria wana mtihani mgumu zaidi, kwa sababu usiku wa giza wanaovulia ndio usiku wa radi. Jaketi la kuelea livaliwe tangu mnapoondoka mwaloni. Likikaa chini ya nyavu ni mzigo tu. Ukiona mwanga wa radi upande mmoja na upepo wa baridi ukakupiga ghafla usoni, hiyo ni dhoruba imeshafika mlangoni, geuza.

Maji yakishapungua

Usiwashe umeme mpaka fundi aangalie soketi zilizolowa. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika nzima, au tatu kama unakaa juu sana milimani, la sivyo tia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Wazuie watoto kuchezea madimbwi. Mtu akikwama au moto ukizuka, Tanzania piga 114 kwa Zimamoto au 112. Kenya 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Wiki ile ya ramani ya njano nilimjibu jirani yangu faraghani. Nilimwandikia: kopo lina 62 kwa siku tatu, mwezi ni mchanga wa siku mbili, Kinyerezi wanasema imefunga, pandisha godoro na watoto wakalale Mabibo. Akajibu "sawa kaka". Maji yaliingia saa tisa usiku, yakafika tofali la pili. Asubuhi nilimkuta uani kwake na fagio la chelewa, anasukuma tope kuelekea mtaroni, na kando yake, juu ya kinu kilichopinduliwa, amelitega kopo la maziwa lililo jipya kabisa.